Ngozi Yetu Wakati Kiangazi Kinapogeuka



Mwezi wa Septemba unapofika katika Katanga, misitu ya miombo hufanya jambo la kutazamwa. Mvua haijanyesha tangu Aprili au Mei, udongo umekauka, majani ya porini yameungua kwa moto. Hata hivyo miti huanza kuchipua majani mapya, mekundu kama shaba, kabla ya tone la kwanza la mvua kuanguka. Watu wa Ulaya wana majira yao ya kuchipua katika Machi na Aprili. Sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunayo yetu katika Septemba. Baridi ya asubuhi yakwisha, jua lazidi ukali, na mablanketi mazito yarudishwa sandukuni.

Lakini liko jambo ambalo mara nyingi twasahau kulirudisha sandukuni pamoja na mablanketi: ni desturi zetu za kutunza ngozi wakati wa baridi. Mafuta mazito ni yale yale, maji ya moto ni yale yale, kofia ya sufu ya mtoto ni ile ile. Kosa hilo ni dogo. Lakini kosa dogo huvuta jingine, na la pili laweza kuwa kubwa hata kuharibu afya ya mtu. Basi leo tuongee juu ya hayo mawili.

Kwanza tujue ngozi ni kitu gani. Ngozi ya mtu mzima, kama ingetandazwa chini, ingefunika karibu meta 2 za mraba. Tabaka yake ya juu kabisa imefanyika kwa chembe ndogo zilizokufa, zilizopangwa kama matofali ya ukuta, na kati yake yamo mafuta yaliyo kama udongo wa kujengea. Ukuta huo wazuia maji ya mwili yasitoke ovyo, tena wazuia uchafu na vijidudu visiingie. Kila siku matofali ya zamani yaanguka na mapya yapanda kutoka chini. Kwa muda wa mwezi hivi ukuta wote umekwisha kujengwa upya.

Katika miezi ya Juni na Julai ukuta huo hupata taabu. Mji wa Lubumbashi upo juu, karibu meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa miezi hiyo joto laweza kushuka chini ya digrii 10. Hewa ni kavu, na upepo wapeperusha vumbi jekundu. Hewa kavu hunyonya maji ya ngozi, kama inavyokausha nguo kwenye kamba. Ndiyo maana miguu hupauka kana kwamba imepakwa majivu, midomo hupasuka, visigino hutoa magaga, na wazee hujikuna usiku bila kuona upele wo wote. Tena sisi wenyewe twaongeza taabu hiyo: kwa kuwa ni baridi, twaoga maji ya moto sana na kujisugua kwa sabuni kali ya kufulia. Maji ya moto na sabuni kali huondoa mafuta yale yaliyo kati ya matofali, na ukuta hubaki na nyufa.

Dawa ya kiangazi ni rahisi na haina gharama kubwa. Oga kwa maji ya vuguvugu, wala usikae majini muda mrefu. Sabuni itumike hasa makwapani, sehemu za siri kwa nje, na miguuni. Mikono na mgongo havihitaji kusuguliwa kila siku. Jikaushe kwa kujigusa-gusa na kitambaa, usijikwaruze. Kisha, mwili ukiwa bado na unyevu kidogo, jipake mafuta mara moja. Hiyo ndiyo siri yenyewe: mafuta peke yake hayaleti maji katika ngozi, bali hufunga maji yaliyomo yasitoke. Ukijipaka wakati mwili umekwisha kukauka, umefunga mlango baada ya mgeni kwenda zake. Vaselini isiyo na manukato hufaa sana, na mafuta ya kokwa za michikichi, ambayo nyanya zetu waliyatumia, hufaa pia. Gliserini ni nzuri, lakini ichanganywe na maji kwanza.

Tuseme neno moja juu ya mbabula. Wengine huuingiza chumbani usiku ili kupata joto. Moto huo huzidi kukausha hewa na ngozi. Lakini hilo ni jambo dogo, maana moshi wa makala usioonekana, katika chumba kilichofungwa, umeua watu waliokuwa wamelala. Mbabula ubaki nje.

Hayo ndiyo ya wakati wa baridi. Sasa, Septemba ikianza, mambo yageuka. Joto lazidi siku kwa siku hata mwisho wa Oktoba. Kisha mvua zaanza, na hewa yajaa unyevu. Mwili hutoa jasho ili kujipoza, na jasho lapita katika vijitundu vidogo vya ngozi. Ikiwa vijitundu hivyo vimefunikwa kwa mafuta mazito na nguo za sufu, jasho halipati njia. Hapo hutokea vipele vidogo vidogo vya joto shingoni, kifuani na mgongoni, navyo huwasha kama kuchomwa sindano. Vijana nao huona chunusi zikiongezeka usoni.

Kwa hiyo, majira yakigeuka, tugeuze nasi. Punguza mafuta: badala ya kujipaka mwili mzima, paka sehemu zilizobaki kavu tu, kama visigino, viwiko na magoti. Mafuta mazito yasipakwe usoni. Uso uoshwe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, si mara tano. Maana anayeuosha kupita kiasi huukausha, na ngozi iliyokauka huzidi kuwasha. Oga baada ya kazi, jasho lisikauke mwilini. Vaa nguo za pamba zisizobana. Badili soksi kila siku, na viatu vilivyolowa viachwe kukauka kabla ya kuvaliwa tena.

Wasomaji wetu wa mahali pengine watajipimia kalenda yao. Huko Bukavu kiangazi ni kifupi zaidi, na mvua hurudi mwezi wa Septemba. Huko Uele, kaskazini ya ikweta, miezi mikavu ni Desemba hata Februari. Siku zatofautiana, lakini kanuni ni moja: hewa kavu, funga maji, hewa ya joto na unyevu, acha ngozi ipumzike.

Na sasa tusikilize habari ya mama mmoja. Hatumtaji jina, kwa maana angeweza kuwa ye yote kati yetu. Mama huyu alijifungua mwezi wa Juni, katikati ya baridi. Alimtunza mtoto wake vema: alimpaka vaselini kila asubuhi toka kichwani hata miguuni, akamvika fulana mbili na kofia ya sufu. Oktoba ilipofika aliendelea vile vile, maana aliogopa upepo. Siku moja aliona vipele shingoni mwa mtoto, na mtoto hakulala. Jirani mmoja alimpa tyubu ya dawa iliyonunuliwa sokoni, akamwambia yaondoa vipele kwa siku mbili. Jioni hiyo mama mkwe wake aliiona.

“Mwanangu, dawa hii ni ya nini?”

“Ni ya vipele vya mtoto, mama.”

“Ni daktari gani aliyeiandika?”

Kijana yule akanyamaza. Mama mkwe hakumgombeza. Asubuhi walikwenda pamoja kwenye kituo cha afya. Mwuguzi alivua kofia, akavua fulana zote mbili, akampangusa mtoto kwa kitambaa kilicholowa maji ya kawaida, akasema: “Mtoto huyu haumwi. Anaona joto. Acheni mafuta, mvikeni nguo moja nyepesi ya pamba.” Siku ya tatu vipele vilikuwa vimekwisha. Hakuna senti iliyotumika.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwuguzi alipoitazama ile tyubu, alimtazama pia mama usoni, akamwuliza kwa sauti ndogo: “Na wewe mwenyewe waitumia?” Akakubali. Tangu Septemba uso wake ulikuwa umezidi kuwa mweusi kuliko ulivyokuwa Julai, na madoa aliyoyapata wakati wa mimba yalikuwa yamekolea mashavuni. Watu walikuwa wamemwambia kwamba jua limemharibu. Naye aliamini.

Akina mama, hilo ndilo kosa la pili, nalo latujia katika majira haya kuliko mengine yote. Karibu na tarehe 24 Oktoba, saa sita ya mchana, jua husimama juu kabisa ya Lubumbashi, na kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake. Mvua kubwa bado hazijaja kutufunika kwa mawingu. Ngozi ikiona mwanga huo mkali, huongeza rangi yake. Rangi hiyo si uchafu wala si ugonjwa. Ni mwavuli ambao ngozi hujifungulia yenyewe, ili mwanga wa jua usiharibu chembe zilizo chini. Ngozi inayokolea katika Oktoba yafanya kazi yake, nayo itapunguza yenyewe mawingu yatakapokuja. Madoa ya mimba nayo mara nyingi hufifia polepole baada ya kujifungua, mradi yafichwe na jua.

Anayetumia dawa ya kujichubua aubomoa mwavuli huo saa ile ile jua linapokuwa kali. Tena tazameni yaliyomo katika tyubu na mikebe hiyo. Dawa zinazotumiwa zaidi ni za namna tatu. Ya kwanza ni zebaki. Sumu hii hupita katika ngozi na kuingia damuni, huharibu figo na mishipa ya fahamu, nayo humfikia mtoto aliye tumboni. Ya pili ni hidrokinoni. Mwanzo hung'arisha, lakini ikitumiwa muda mrefu yaweza kuleta mabaka ya rangi ya buluu na nyeusi mashavuni, ambayo ni magumu mno kuyaondoa, na jua huyazidisha. Ndivyo mtu anavyokimbia weusi kidogo wa mwaka mmoja na kupata weusi usiokwisha. Ya tatu ni dawa kali za jamii ya kotizoni, kama klobetasoli. Madaktari huziandika kwa magonjwa fulani, kwa siku chache, mahali padogo. Zikipakwa uso mzima miezi na miezi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, mistari hutokea, chunusi huzidi, na kidonda hukawia kupona. Sehemu yake huingia mwilini na yaweza kupandisha shinikizo la damu na sukari. Na mtoto mchanga, ambaye ngozi yake ni laini, huinywa dawa hiyo kwa wepesi kupita mtu mzima. Ndiyo maana mwuguzi yule alishtuka.

Hatari hizi si hadithi za kuwatisha wanawake. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano yanayoitwa ya Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliteseka kwa sumu ya zebaki. Mapatano hayo yalianza kutumika mwaka 2017, nayo yalikataza kutengeneza na kuuza kati ya nchi na nchi vipodozi vyenye zebaki kupita kipimo kidogo sana, baada ya mwaka 2020. Katika mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kukiondoa hata kipimo hicho ifikapo 2025. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuviondoa vipodozi vya kujichubua madukani kwa msaada wa polisi. Lakini mapatano ni jambo moja, na soko ni jingine. Tyubu bado zauzwa juu ya meza za barabarani, na maandishi yake ni madogo, au hayapo kabisa. Kipodozi kisichoonyesha yaliyomo ndani yake kisipakwe juu ya ngozi ya mtu.

Je, afanye nini mama ambaye amekwisha kuanza? Kwanza asione haya. Pili, ikiwa ni dawa kali ya kotizoni aliyoitumia muda mrefu, asiikatize ghafula bila shauri, maana uso waweza kuvimba na kuwaka moto, naye ataogopa na kuirudia. Achukue tyubu yenyewe mkononi, aende kwa daktari au mwuguzi, amwonyeshe. Ataongozwa kuipunguza. Kama ni mja mzito au ananyonyesha, asingoje hata juma moja. Kwa muda huo afunike uso kwa kofia pana au mwavuli, atumie sabuni laini na vaselini kidogo, basi. Ngozi hujijenga upya. Tumekwisha kusema kwamba kazi hiyo huifanya kila mwezi. Lakini yataka subira.

Nanyi akina baba, tuna neno kwenu. Mwanamke hajichubui kwa sababu ya jua peke yake. Hujichubua kwa sababu amesikia mara nyingi ni nani anayesifiwa na ni nani anayepitwa. Mume anayemwambia mkewe, “Uso wako ni mzuri kama ulivyo,” amemkinga kuliko dawa nyingi. Na baba anayemtania binti yake kwa sababu ya rangi yake, hata kama acheka tu, amempeleka sokoni kununua tyubu. Fedha ya tyubu hiyo kila mwezi ingenunua sabuni ya nyumba nzima.

Liko kundi moja la watoto wetu ambalo ngozi yake haina mwavuli wa rangi hata kidogo, au inao mdogo mno: ni watoto wenye ualbino. Kwao Septemba na Oktoba ni miezi ya hatari ya kweli. Jua huwachoma kwa muda mfupi, na kuungua kwa miaka mingi huleta saratani ya ngozi wangali vijana. Mtoto wa namna hii avae kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu na suruali au sketi ndefu iliyofumwa vizuri. Apakwe mafuta ya kuzuia jua yenye kipimo cha 30 au zaidi usoni, masikioni, shingoni na mikononi, tena apakwe upya baada ya saa mbili. Asitumwe sokoni wala kisimani kati ya saa nne ya asubuhi na saa tisa. Mwalimu aombwe amkalishe mbali na dirisha lenye jua, tena karibu na ubao, kwa sababu macho yake nayo ni dhaifu. Kidonda kisichopona usoni au mkononi mwake kionyeshwe kwa daktari mapema.

Mwishoni, mvua zitakapokuwa zimekwisha kushika, tazameni vidole vya miguu vya watoto na mikunjo ya ngozi. Unyevu huleta fangasi kati ya vidole, na choa, ambayo ni duara lenye ukingo ulioinuka na kuwasha. Kausheni kati ya vidole kila jioni. Kila mtu awe na kitambaa chake cha kujipangusa. Choa yataka dawa ya kuua fangasi kutoka kituo cha afya. Ikipakwa ile tyubu kali ya sokoni, kuwashwa hutulia siku chache na ukingo hufutika, kumbe ugonjwa waendelea kuenea chini kwa chini. Na kama watu wa nyumba moja wajikuna wote, hasa usiku, kati ya vidole vya mikono na viunoni, huenda ni upele. Huo hautapona kwa mafuta; watu wote wa nyumba hutibiwa siku moja, na nguo na mashuka yao hufuliwa kwa maji ya moto.

Basi, juma hili, mnapokunja mablanketi, fungueni pia kile kisanduku cha mafuta na dawa kilicho chini ya kitanda. Vaselini kubwa irudi pembeni. Kofia ya sufu ya mtoto ifuliwe na kuwekwa hata Mei ijayo. Na kama imo tyubu ambayo hakuna daktari aliyeiandika, ipelekeni kituo cha afya mkaulize ni kitu gani. Miombo yachipua bila kuharakishwa na mtu. Ngozi zetu nazo zajua majira yao, tukiziacha zifanye kazi.